Django kwa blogu na wiki binafsi: kwenye blogu ni kubwa mno, kwenye wiki ndo penyewe

Wakuu habari za saa hizi. Nimeona niandike maoni yangu kuhusu Django maana kila mtu akiuliza atengenezeje blogu yake mwenyewe anajibiwa tumia WordPress au tumia Django, na hakuna anayemuuliza kwanza anataka kuweka nini humo ndani. Mi naitumia kwa vitu viwili, blogu ya mapishi na wiki (kurasa zinazounganishwa kwa linki, kama Wikipedia) ya kutunzia noti zangu za bustani na mifugo, na jibu langu ni tofauti kwa kila kimoja. Blogu naipa nyota 3, wiki naipa 5 kasoro kidogo.

Kwa asiyeijua, Django ni fremuweki (mifupa iliyo tayari ya kujengea tovuti) ya lugha ya programu ya Python, bure kabisa, ilianza 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, akina Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanatengeneza tovuti za gazeti na mambo ya gazeti mnayajua, kitu kinatakiwa leo jioni sio wiki ijayo. Ikatolewa kwa watu wote 2005, jina ni la yule mpiga gitaa Django Reinhardt. Ukishajua imezaliwa gazetini hutashangaa kwanini kitu chake bora kuliko vyote ni sehemu ya mwandishi kuingia na kuandika, yani admini.

Hiyo admini ndo iliyonikamata. Unaandika darasa (class) moja la Python, kichwa cha habari, maandishi, tarehe, unalisajili kwenye admin.py, unapiga amri za makemigrations, migrate, createsuperuser, alafu ukifungua /admin unakuta fomu zote zipo, kuna kuongeza, kufuta, na login yenye paswedi iliyofichwa vizuri, kutafuta na kuchuja kwa tarehe ni kuongeza mistari michache tu humo humo admin.py, wewe hujagusa HTML hata mstari mmoja. Kuna fremuweki nyingine nzuri tu kama Flask ila hicho kitu unakijenga au unakitafuta mwenyewe.

Sasa kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna vituko vyake. Nikaita darasa langu Ukurasa, kufungua admini nakuta imeandikwa "Ukurasas". Makala ikawa "Makalas". Django wingi inaujua mmoja tu, wa kubandika s mwishoni, nilicheka sana aisee. Dawa yake ni ndogo, ndani ya class Meta unaweka verbose_name_plural = "kurasa" na yanaisha. Ukiweka LANGUAGE_CODE kuwa 'sw' admini yenyewe inageuka Kiswahili, maana kuna watu walishajitolea kutafsiri, ila haijakamilika kwa hiyo unakuta sentensi hii Kiswahili ile Kiingereza, mi nimeiacha hivyo hivyo hainisumbui. Cha kubadilisha mapema ni TIME_ZONE, projekti mpya inakuja na UTC, usipoweka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi basi ukiandika kitu saa saba usiku kitatoka na tarehe ya jana.

Tuje kwenye blogu. Kujifunza ni rahisi, somo la Django Girls (wale walioanza 2014 kwenye mkutano wa EuroPython kule Berlin) linakushika mkono kuanzia terminali ni nini mpaka blogu iko hewani, na usijali jina, wanaume pia tunasoma. Ni maelezo mazuri kuliko kozi nyingi za kulipia. Shida inaanza ukishamaliza somo. Blogu ya mtu mmoja anayeandika mara moja kwa mwezi, wasomaji hawaingii login, hakuna anayebadilisha kitu, kwa kweli inahitaji faili za HTML tu, na wewe hapo una databesi, una seva ya Python inayotakiwa kuwa macho masaa 24, una apdeti za usalama za kufuatilia. Ni kukodi fuso kuhamisha begi moja. Hugo, programu ya kutengeneza tovuti za HTML tupu, inachukua faili zako za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache) inazigeuza HTML, unaziweka GitHub Pages bure, umemaliza, unaenda kulala.

Na kuiweka hewani ndo panapovunja watu moyo. Kwenye laptopu yako kila kitu kinang'aa kwa sababu DEBUG, mpangilio wa kutumia wakati unajenga, ni True. Ukipandisha kwenye seva unatakiwa uweke False, maana ukiiacha True kosa lolote likitokea mgeni anaonyeshwa ukurasa mzima wa mambo yako ya ndani, majina ya faili, mipangilio, kila kitu. Haya umeweka False, unafungua tovuti, unapata Bad Request kwa sababu ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya domeni yanayoruhusiwa, iko tupu. Umeijaza jina la domeni, tovuti inafunguka lakini iko uchi, rangi hakuna, admini nayo imekuwa orodha ya maandishi ya bluu. Hapo watu wanadhani wameharibu CSS wanaanza kuifumua, kumbe Django ikiwa nje ya DEBUG haigawi hizo faili yenyewe, inategemea seva kama Nginx ifanye hiyo kazi. Kwa tovuti ndogo njia fupi ni WhiteNoise, kifurushi cha Python kinachogawa hizo faili, unaisakinisha, unaongeza mstari wake kwenye MIDDLEWARE chini ya ule wa SecurityMiddleware, unaweka STATIC_ROOT (folda ya kukusanyia hizo faili), unapiga amri ya collectstatic, mambo safi. Yote yameandikwa kwenye nyaraka zao, ila huyo mgeni hajui hata atafute neno gani.

Hostingi ndo usiseme. Kuna kampuni moja, jina kapuni, niliuliza kabla ya kulipa kama wanasapoti Python nikajibiwa ndio bosi karibu sana, nikalipia mwaka. Kuingia ndani nakuta Python 3.8. Django 5.0 inataka 3.10 kwenda juu, kwa hiyo hapo mwisho wako ni 4.2. Nimeandika tiketi wananijibu watalifanyia kazi, na wanajibu kwa adabu kweli kweli. Kwa hiyo wewe usiulize "mnasapoti Python?", uliza toleo gani, na uliza kama wanakupa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa terminali), jibu likiwa la kuzungukazunguka shika hela yako.

Ila wiki sasa! Hapa Django inakaa sawasawa. Wiki kurasa zake zinashikana, unabadilisha leo huu kesho ule, unatafuta, unaunganisha, hapo databesi ina kazi ya kufanya. Yangu ni darasa moja la Ukurasa lenye kichwa, slug (jina fupi la ukurasa kwenye anwani yake) na maandishi ya Markdown basi. Ile ya kuandika [[Mchaichai]] katikati ya maandishi ikawa linki, Python-Markdown, kifurushi cha kugeuza Markdown kuwa HTML, inayo tayari, kiendelezi kinaitwa wikilinks. Nikakiwasha, [[Mchaichai]] ikakubali, [[Kuku wa kienyeji]] ikakubali, [[Ng'ombe]] ikagoma, ikabaki na mabano yake hivyo hivyo. Kuangalia kwenye msimbo wake nakuta inakubali herufi, namba, nafasi na vistari tu, kile kialama cha ng' haikijui. Kwa mwenye wiki ya mifugo hilo ni pigo hahaha. Nikakizima nikaandika kifanksheni changu cha mistari kama kumi hivi, kinatafuta chochote kilicho kati ya mabano mawili mawili, kinakipitisha kwenye slugify ya Django (ndo inayotengeneza slug), na slugify inafanya Ng'ombe kuwa ngombe bila kelele, hata ukiwa umeandika kwa simu ambayo inaweka kile kialama kilichopinda matokeo ni yale yale. Alafu kinaangalia kama ukurasa wenye slug hiyo upo, kama haupo linki inakuwa nyekundu na ukiibonyeza inafungua fomu ya kuuandika. Jioni moja kazi imeisha, na ndo hapo nilipoona faida ya kuwa na fremuweki badala ya programu iliyofungwa.

Kutafuta natumia icontains ya Django tu, inayoangalia kama herufi hizo zimo ndani ya maandishi, haina ujanja wowote, ila kwa Kiswahili inatosha kushinda nilivyotegemea, ukitafuta "pika" inaleta kupika, wamepika, atapika, zote. Ukitaka mpishi utaandika mpishi.

Kingine ni bando. Django kuishusha ni kama MB 8 tu, databesi ya kuanzia ni SQLite ambayo inakuja na Python, na nyaraka zao unaweza kuzishusha zote ukasoma bila intaneti. Wiki yangu inaishi kwenye laptopu, napiga runserver (seva ya Django ya kujaribia) nafungua 127.0.0.1:8000 na naandika hata nikiwa shamba mtandao haupo. Haijapanda kwenye seva yoyote na sina mpango huo, kwa hiyo ile ngoma yote ya DEBUG na WhiteNoise upande huu hainihusu. Bakapu nayo ni kuzima runserver na kukopi faili moja, db.sqlite3, kwenye flashi.

Ile kasoro kidogo niliyokata kwenye wiki ni kwa sababu ya historia ya mabadiliko. Wiki bila kuona jana ulikuwa umeandika nini sio wiki kamili, na admini ya Django ile historia yake inakuonyesha tu nani kabadilisha lini na sehemu gani, maandishi ya zamani hairudishi. Unaongeza kifurushi cha django-reversion, inafanya kazi vizuri, lakini niliona hiki kingekuja humo humo. Na kama wiki utawafungulia watu wengine waandike, Markdown inapitisha HTML kama ilivyo, mtu anaweza kukuwekea script humo, kwa hiyo safisha kwa kifurushi kama nh3 kabla hujaionyesha.

Msaada wa kuuliza upo, tena sio wa mbali tu, mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, kwa hiyo watu wanaoijua hii kitu tunao hapa hapa. Anayeanza leo achukue toleo lenye LTS (linalosapotiwa muda mrefu), sasa hivi ni 5.2, linapewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu, na kile kifanksheni cha mabano mwenye kukitaka aseme nitakibandika hapo chini.