Linux Mint kwenye laptopu ya dukani Wete: waifai iligoma, wenzangu wakaifufua

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi lipo Wete, na kazi zote zinapita kwenye laptopu moja ya i5 ya kizazi cha 5, RAM GB 4. Windows 10 iliacha kusapotiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haipandi humu kwa njia ya kawaida, maana inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Lakini mashine yenyewe nzima, kibodi nzuri, skrini safi. Nikaipiga Linux Mint 22, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, toleo la Xfce, lile jepesi, ambayo itasapotiwa mpaka 2029. Inawaka haraka na printa ya dukani ikatambulikana bila tabu.

Waifai ndiyo iliyogoma. Draiva ya kadi yangu, yaani programu ya kuiendesha, haiji imeshapachikwa kwenye Mint, mpaka uichukue kwenye Driver Manager. Kwa hilo nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kugawa intaneti, Mint ikaipokea hapo hapo. Draiva ikashuka, nikazima na kuwasha, na waifai bado kimya. Fundi niliyempelekea alikuwa na jibu moja tu: tufute, tupige Windows upya. Na bei akanitajia.

Nikamwandikia kijana mmoja wa Chake Chake, mtumiaji wa Mint wa siku nyingi. Jibu lake la mwanzo ndilo lililonifanya nimuamini: "Dada, usiguse kitu kwanza. Nitumie inxi -Fxz." Amri hiyo inaandika kila kifaa kilichomo ndani ya mashine, na ile z inaficha anwani za mtandao na namba za vifaa, kwa hivyo unaweza kumtumia hata mtu usiyemjua. Mie nina vyeti vya kuzaliwa vya watu na barua za kupelekea kwa sheha humu ndani. Mtu anayejali jambo hilo kabla sijamuuliza, namheshimu.

Baada ya hapo akaniomba lspci -nnk, amri inayoonyesha kila kadi na draiva yake. Kwenye mstari wa kadi ya waifai palikuwa na "Kernel modules", lakini "Kernel driver in use" haimo. Maana yake draiva ipo ndani ya mashine ila haijashika kazi. Akaniambia niilazimishe (wl ndiyo jina la draiva hiyo): sudo modprobe wl. Skrini ikajibu: "Key was rejected by service".

Maneno matano hayo yalimaliza ubishi. Ilikuwa Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka. Ikiwa imewashwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haikubali draiva isiyokuwa na saini ya ufunguo ambao mashine inauamini, na draiva kama hii inatengenezwa papo hapo kwenye laptopu yako, inatiwa saini kwa ufunguo wa humo humo. Ufunguo huo lazima usajiliwe, na wangu ulikuwa haujasajiliwa. Tukahakikisha kwa mokutil --sb-state kwamba Secure Boot imewashwa, kisha nikaandika:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Inakuomba utunge nywila ya muda. Ukiwasha upya inatokea skrini ya buluu, nayo inakusubiri sekunde 10 tu, kwa hivyo kaa karibu, usiende kupokea mteja. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, tia ile nywila, washa upya. Majina ya waifai za majirani yakajipanga yote pale pembeni.

Mwalimu mmoja wa Tunguu, naye mtumiaji tu kama mimi, alikuwa na njia nyengine: ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), zima Secure Boot, basi. Nayo inafanya kazi na ni fupi zaidi. Mie nimechagua ya kusajili ufunguo kwa sababu sitaki kuondoa ulinzi kwenye mashine inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima. Wote wawili walinieleza sababu zao, wakaniachia niamue mwenyewe. Kuna mwengine alinitumia amri ndefu ya kunakili bila kuniuliza hata kadi yangu ni ipi. Huyo sikumfuata, na nawaomba nanyi msiwafuate wa namna hiyo, hata wakiwa na nia njema.

Kasoro zipo. Wanaosaidia wana kazi zao. Ujumbe wa asubuhi huenda ukajibiwa baada ya sala ya isha, na kama una mteja amesimama mbele yako, hilo linauma. Na kama kazi yako kubwa ni kadi za harusi za Publisher, fikiri mara mbili. LibreOffice Draw inafungua mafaili hayo, lakini maua yanahama na maandishi yanapandana, mpaka nakaa kuyapanga upya. Barua na ripoti za Word hazinisumbui, maana fonti ya Carlito inashika nafasi ya Calibri kwa upana ule ule wa herufi na kurasa hazirukiruki.

Nawapa nyota tano waliosaidia na nne Mint yenyewe. Aliyeko Wete mwenye laptopu ya umri huo, aje na flashi ya GB 8. Mint ninayo tayari dukani, itakuokolea bando la karibu GB 3, na tutaiwasha kutoka kwenye flashi kwanza tuone waifai na sauti kabla ya kufuta chochote.