Dawati la TEHAMA chuoni kwetu: fundi yuko vizuri, kumfikia ndo shughuli

Chuo sikitaji, Mbeya vyuo viko vingi. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano na nitasema kwa nini.

Mwezi wa sita, bumu (hela ya mkopo wa wanachuo) limechelewa, mfukoni nina buku mbili za bajaji ya kutoka Uyole basi, saa nne usiku inaingia imeli: "Malipo yako yamesimamishwa, thibitisha taarifa ndani ya masaa 24." Nembo ipo, Kiswahili kimenyooka, na imetoka kwa mwenzetu wa darasani, anwani yake ile ile ya chuo inayoishia .ac.tz. Sasa pale mlangoni kwa TEHAMA kuna bango kubwa, ANGALIA ANWANI YA MTUMAJI. Nimeangalia, ni ya kweli! Kumbe akaunti ya jamaa ilishaibiwa na matapeli wanatutumia kwa jina lake, hapo bango linakusaidia nini?

Nikabofya. Msinicheke, mtu mwenye njaa hasomi linki. Ukafunguka ukurasa kama ule wetu wa kuingilia imeli, nikaweka paswedi, ikasema siyo, nikaweka tena, halafu ikaniomba namba ya siri ya pesa ya simu. Hapo ndo akili ikarudi, tangu lini bumu likataka namba ya siri?

Usiku ule ule nikaandika kwenye anwani yao ya kuripoti. Likaja jibu la mashine, "ombi lako limepokelewa", basi, kimya. Asubuhi napiga simu ya ofisi inaita mpaka inakata, mara tatu. Nikaenda mwenyewe, na baridi ya Juni ya huku mnaijua, nimesimama kwenye ile korido toka saa tatu mpaka saa sita kasoro, dada wa dirishani kila ukimuuliza ni "subiri kaka, fundi yuko maabara."

Ila fundi alipokuja, jamani. Swali la kwanza: "Uliifuta?" Nikasema hapana. "Safi mdogo wangu, wenzako wanaifuta halafu wananiletea skrinshoti." Akanielewesha kwamba skrinshoti haionyeshi barua imepitia seva zipi, kwa hiyo ifowadi nzima kama kiambatanisho. Akanionyesha pia kwenye simu ukiibonyeza linki ukaishikilia bila kuachia, inakuonyesha inakoenda. Yetu ilianza na jina la chuo na .ac.tz vizuri kabisa, halafu nukta, halafu jina lingine refu la ajabu, ndo mkwaju (/). "Rudi nyuma kutoka kwenye huo mkwaju," akasema, "aliyekaa karibu nao ndo mwenye nyumba, hao wa mwanzo ni mapazia."

Tukabadilisha paswedi kwenye kompyuta yake, akatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti yangu, akaniwekea uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake haitoshi kuingia. Nikajua tumemaliza. Akafungua mipangilio, akacheka peke yake. Wezi walishaniwekea kichujio: imeli yoyote yenye neno "paswedi" au "tapeli" iende moja kwa moja kwenye taka. Tukafungua taka. Tukakuta wenzangu wawili wananiuliza mbona nawatumia linki za ajabu, na jibu la TEHAMA wenyewe la saa moja na nusu asubuhi: "Badilisha paswedi haraka." Aisee. Nimewasema korido nzima kumbe walishanijibu. Kabla sijaondoka ile imeli alikuwa ameshaitoa kwenye inboksi za watu wengine pia, kwa hiyo ukiripoti hujisaidii peke yako.

Nyota moja na nusu nimekata kwa simu isiyopokelewa, kwa foleni, na kwa bango. Juzi nimepita liko vile vile, ila kuna mtu kaongeza kwa peni chini yake: "hata ya mshkaji wako."

Meseji za simu za "ile hela tuma kwa namba hii" msiwapelekee, sio kazi yao, hizo tuma 15040. Na ukienda, fika kabla ya saa tatu, vaa koti, nenda dirisha la pili. La kwanza ni la vitambulisho, mimi nilisimama hapo nusu saa nzima na hakuna aliyeniambia.