Kwenye picha zao Mlima Meru ulihama

Nianze na la haki nisije nikaonekana mbaya: nyumba imesimama. Kuta zimenyooka, nimezipima mwenyewe kwa timazi ya kuazima. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaenda kuwatafuta hao wasimamizi wa ujenzi ninaowapa nyota hapa. Mimi hasira yangu haiko kwenye ukuta, iko kwenye picha moja.

Mimi ni nesi, naishi Mwanza. Kiwanja changu kiko Kisongo, nje kidogo ya Arusha ukishika barabara ya Dodoma. Msingi na jamvi alisimamia shemeji yangu, na habari za shemeji na mifuko ya saruji tuziache, Krismasi bado tunakula sinia moja. Kuanzia kuta nikaona heri nilipe watu baki. Ipo kampuni hapo mjini, jina nalimeza, inayosimamia ujenzi wa watu walio mbali. Wananunua vifaa, wanakaa na fundi saiti, na kila Ijumaa jioni wanakutumia picha, video fupi na asilimia. Ijumaa hii nyumba iko asilimia 48, ijayo 51. Hizo tatu zimeongezeka wapi sikuwahi kuelewa, ila nilizifurahia kama mama aliyeambiwa kliniki mtoto ameongezeka kilo.

Na kusema kweli miezi ya mwanzo walinishika. Video moja ilionyesha kozi ya sita ya tofali, nafasi za madirisha zimeanza kujichora, fundi anapiga mluzi kwa nyuma. Nililia chooni kazini. Nikawa namwonyesha kila mtu, wagonjwa pia. Kuna mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani akijua chumba changu cha kulala kinatazama wapi.

Ikaja Ijumaa ya lenta. Aliyewahi kujenga anajua: lenta ndiyo mkanda wa zege juu ya milango na madirisha unaofunga kuta zote pamoja, ukikosea hapo paa zima linakaa juu ya kosa. Ripoti ikasema lenta imemwagwa, inamwagiliwa, asilimia 64, mama tuma hela ya mbao za kenchi za paa. Na picha: lenta mbichi ya kijivu, boksi za mbao bado zimeshika, nyuma yake Mlima Meru umetakata, hauna hata wingu. Picha nzuri kweli. Nikaiweka kwenye kioo cha simu. Hela nikatuma usiku huohuo.

Siku mbili tatu baadaye, chai ya saa nne, mwenzangu mmoja wa kazini, mzaliwa wa Tengeru, akaichukua simu yangu akaikodolea macho.

"Dada, umehamia kwetu lini?"

Nikacheka. Akanionyesha kwa ukucha. Pembeni ya ukuta kulikuwa na migomba. Si ule mmoja unaopandwa karibu na bafu, migomba hasa, shamba, na jani moja limevunjika linaning'inia mpaka kwenye tofali. Jamani, Kisongo! Kisongo ni upepo, vumbi na ng'ombe. Mvua ya Meru inawanyeshea watu wa kusini na mashariki ya mlima, kina Tengeru na Usa River. Sisi wa magharibi tunabaki kuangalia mawingu. Kwangu hata maji ya kumwagilia tofali yananunuliwa kwa boza. Ungeota mgomba pale ningeujengea uzio kabla ya nyumba.

"Halafu mlima uko kushoto," akaongeza, akarudi kwenye andazi lake.

Ukisimama getini kwangu ukatazama kaskazini, Meru uko mkono wa kulia. Kwenye picha ulikuwa kushoto, kama anavyouona mtu wa Usa River. Ama Mungu alihamisha mlima wiki ile na redio hazikutangaza, ama nilikuwa natembea na lenta ya mtu mwingine kwenye kioo cha simu yangu.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikaomba ruhusa ya wiki. Uzuri wa Kisongo ni kwamba basi la Mwanza linapita hapohapo kabla ya kuingia mjini. Nikamwambia konda anishushe, jua linazama. Nikaingia saiti na tochi ya simu, nikapanda jukwaa la miti na gauni langu, nikapitisha kiganja juu ya ukuta. Tofali kavu. Nondo zilikuwepo, nne za milimita 12, zimefungwa ringi vizuri. Zege, hakuna. Yaani hata karai moja. Nikalala kwa shemeji, ambaye hakusema neno ila alitabasamu chakula cha usiku chote.

Asubuhi nikatinga ofisini kwao. Binti wa mapokezi akanipokea vizuri, shikamoo mama, kiti hiki hapa. Aliyekuja kunisikiliza ndiye mtuma ripoti mwenyewe: kijana mtanashati, simu mbili, anakula chipsi mayai kwa kijiti. Nikamwekea picha mbele. Nikamwonyesha migomba. Nikamwonyesha mlima. Akaangalia, akatafuna, akameza.

"Mama, kwani mlima si ni uleule?"

Naomba mnielewe. Nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya 20. Nimetukanwa na walevi, na ndugu wa wagonjwa, na daktari mmoja. Hakuna kilichoniingia kama hiyo "uleule". Angesema samahani mama tulichanganya picha, yangeisha. Wana saiti nyingi, binadamu hukosea. Angesema kokoto zimechelewa, ningefoka nikasahau. Lakini huyu ananieleza, kijiti mkononi, kwamba Meru ni Meru, lenta ni lenta, na mama wa Mwanza atajulia wapi.

"Na lenta nayo ni ileile?" nikamuuliza.

"Itakuwa kama hiyohiyo, mama, usiwe na wasiwasi." Akachoma kipande kingine.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni ya kile kiti.

Hapana, ngoja. Kuna fundi. Fundi wao wa saiti, chalii mmoja mwembamba wa Moshono, habari za picha alikuwa hana kabisa. Niliporudi saiti mchana ule alidhani nimekuja kumgombeza kwa kuchelewa, kumbe mwenzangu anasubiri kokoto wiki nzima. Nikampa simu. Akacheka, akanyamaza, akavua kofia. "Mama, huo si mkono wangu. Ona boksi zilivyopinda." Kilichomuuma ni kudhaniwa kwamba kazi ile ni yake! Nikampenda palepale.

Kokoto zilifika kesho yake, sitauliza kwa nini ghafla. Lenta ikamwagwa mbele ya macho yangu, mashine ya kukorogea ililetwa alfajiri, karai zikapita mkono kwa mkono mpaka saa nane mchana. Vijana walilalamika zege ni zito, wakataka liongezwe maji, fundi akakataa. Akawaambia zege la uji mwanangu analinywa, halibebi paa. Mimi akanipa masharti kama ananiandikia dawa: kumwagilia asubuhi na jioni siku zisizopungua 7, boksi za juu ya milango zisiguswe mapema, na atakayenihimiza kupaua kesho nimwambie zege linahesabiwa siku 28. Kisha akatandaza magunia mabichi juu ya lenta kwa sababu ya upepo wa Kisongo. Hakuna aliyemwagiza.

Jioni bosi wao akapiga simu, pole zisizo na idadi, mbao zimeshanunuliwa ziko stoo, na kweli nilienda nikaziona nikazihesabu. Kwa hiyo hapo nyota zinapanda. Tatu. Labda nne, nikimfikiria fundi peke yake. Ukiniuliza ana kwa ana nitakwambia nenda kwao, mwombe fundi huyo, na picha zao usizitazame. Ila nikikumbuka kile kijiti zinashuka mbili. Leo ziko mbili.

Ijumaa iliyofuata, niko tena Mwanza, ripoti ikaingia. Lenta yangu halisi, magunia yangu, mlima mahali pake. Asilimia 64. Ileile.

Siku hizi nina ripoti ya pili. Kijana wa Kimaasai anayelinda kiwanja cha jirani ananipigia picha kila Jumapili, namtumia vocha. Zote zina kidole gumba chake kwenye kona, na moja ina ng'ombe amelala mlangoni kama mwenye nyumba. Ya juzi kidole kimefunika nusu ya sebule. Juu ya kidole, mkono wa kulia, Meru.