Panzi wa Tamiya kwenye mchanga wa Wete: gari ya rimoti ya kuanzia

Mpwa wangu alichuma karafuu msimu mzima, akaniletea pesa zake zimefundikwa kwenye leso. "Mjomba, nataka gari ya rimoti. Ya kweli." Ana miaka 13. Mimi ni fundi redio hapa Wete, Pemba, na alinijia mimi kwa sababu ya kilichompata kabla. Alinunuliwa gari iliyokwisha kuundwa katika duka moja la mjini Unguja, ikafa siku ya tisa. Niliifungua mezani kwangu: kigia cha plastiki, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kimekatika meno mawili. Hapakuwa na wa kutuuzia kigia kile. Gari nzima ikenda jaani.

Safari hii nikamwambia tununue ya kuunda wenyewe. Gari ya namna hii inakuja vipande vipande ndani ya kasha, na kipande kikivunjika unaagiza hichohicho. Tulichukua Grasshopper ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, ikarudishwa sokoni 2005, na vipuri vyake bado vinauzwa. Jina lake maana yake panzi, na kwetu haiitwi jina jengine.

Yeye mwenyewe mwanzo alikuwa anaitaka TT-02, ya Tamiya vilevile, kwa kuwa bodi zake ni za gari za barabarani hasa na magurudumu yote manne yanasukuma. Ni gari nzuri. Ukiwa na lami safi au sakafu pana karibu na kwenu, ichukue hiyo. Lakini tumbo lake liko chini na chasisi yake iko wazi kwa juu. Kwenye uwanja wa skuli yetu, wenye changarawe na mizizi ya mwembe, kila jioni tungekuwa tunachokoa vijiwe. Tazama ardhi ya kwenu kwanza, picha ya kasha baadaye. Chasisi ya Panzi imeundwa kama dau, kuta kila upande, na betri inaingia kwa mlango wa chini. Giaboksi imezibwa. Magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma tu, kwa hivyo vya kuharibika ni vichache.

Sasa jambo linalowaumiza wengi: kasha si gari kamili. Letu lilikuwa na mota ndogo ya aina ya 380 na kidhibiti mwendo, basi. Rimoti, risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti ndani ya gari), sevo ya usukani (kijimota kinachogeuza magurudumu ya mbele), betri na chaja tulivinunua kando, na vyote pamoja vilikaribia bei ya kasha lenyewe. Pesa za karafuu hazikufika. Nilimjazia mimi, na nilijazia kwa moyo mkunjufu, lakini mzazi asiyelijua hili atamwona mtoto amekaa na kasha miezi mitatu bila ya kusikia mota ikilia.

Kwenye betri nilikuwa mkali. Tulichukua ya nikeli ya volti 7.2, yaani seli sita za volti 1.2 zilizofungwa pamoja. Zile za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu zaidi, nakubali. Lakini ukiichaji kupita kiasi au ukaimaliza mpaka chini inavimba, na inaweza kuwaka moto. Simu zilizovimba betri nimeshazipokea nyingi. Kitu kile simpi mtoto akichaji peke yake usiku. Na ukiagiza kwa jamaa anayekuja kwa ndege, kama sisi tulivyoagiza Dubai, ajue kwamba betri ya lithiamu ya akiba haikai kwenye begi la mizigo. Huibeba mkononi.

Kuunda kulituchukua jioni tatu baada ya Isha, na hapo ndipo nilipoipenda gari hii. Skrubu zimo kwenye mifuko yenye herufi, na kitabu cha maelekezo kinazichora kwa ukubwa wake halisi. Kijana anailaza skrubu juu ya picha. Zikilingana ndiyo yenyewe. Hakuhitaji kusoma sana, alihitaji kutulia. Yale aliyoyakosea nitayataja, maana na wewe utayakosea. Alikaza skrubu kwenye plastiki mpaka ikazunguka bure. Nikamfundisha: kila unapoirudisha skrubu mahali pake, kwanza izungushe kinyume taratibu, utahisi inaangukia kwenye njia yake ya zamani, hapo kaza, na ikigoma kidogo tu, acha. Skrubu za Kijapani zina njia panda yenye umbo lake, bisibisi ya kawaida ya nyota inazila vichwa. Tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya kipimo cha Kijapani. Jengine ni sevo. Iwashe kwanza pamoja na rimoti ili isimame katikati, ndipo ufunge mkono wake. Sisi tulifunga kabla, gari ikawa inakwenda upande kama kaa, tukafungua nusu ya mbele yote.

Bodi yake ni plastiki ngumu, rangi unapuliza kwa nje. Gari nyingi zina bodi laini inayoonesha kama kioo, inayopakwa kwa ndani, na kosa la huko halifutiki. Hapa mkono ukikuchezea unapiga msasa unapuliza tena. Ya mpwa wangu ni kijani, na mstari mweupe kauchora mwenyewe.

Mwendo? Si kasi. Wenye haraka watataka Hornet, ndugu yake wa 1984 vilevile, yenye mota kubwa ya 540 na shokapu za mafuta nyuma. Shokapu za Panzi ni springi tupu, na ekseli ya nyuma ni moja na giaboksi yake, hivyo kwenye matuta inaruka na kuyumba sana. Ukikata kona kwa pupa inapinduka. Mimi naona kwa mwanafunzi mwendo huu unatosha: anagonga mwembe mara kumi kwa siku na hatujabadilisha kitu mbele. Ila vile vibushi (vipete) vya plastiki ambamo magurudumu yanazungukia vitoe mapema, mchanga unavila. Tia beringi.

Mara moja aliipitisha kando ya majamvi ya karafuu za bibi yake, matairi yakarusha mchanga juu ya karafuu zilizokwisha kukauka. Alikaa kuzipepeta hadi Magharibi, na gari ikalala kwa bibi wiki nzima.

Pwani nampeleka, ila mchanga mkavu tu. Risiva tumeitia ndani ya puto na kulifunga shingo kwa uzi. Tukirudi hatuioshi kwa maji. Tunaipiga mswaki mkavu, tunafungua magurudumu, na skrubu za chini tunazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa sababu chumvi ya kwetu haingoji asubuhi. Betri tunaiacha ipoe kabisa kabla ya kuichaji. Sasa ananidai betri ya pili, na msimu haujafika.