Mahakama ya uongo katikati ya mji: nyota tatu

Mimi ni mtu wa sauti. Kwenye seti ya filamu ndiye yule dada mwenye hedifoni na fimbo ndefu ya maikrofoni, anayeguna wakati wenzake wote wameshaifurahia picha. Kwa hiyo haya maoni yangu kuhusu jengo tulilokodi kushutia yasomeni mkijua yanatoka masikioni.

Jengo silitaji jina. Ni la umma, liko mjini kati, na ukumbi wake wa chini unakodishwa. Tulihitaji mahakama kwa sini nne. Dairekta mwanzoni aliutaka Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani. Nikamwambia kaka, ule ulikuwa kwenye noti ya mia tano kabla haijaja sarafu. Mtu akiuona tu anajua hapa ni Chuo Kikuu, hakimu wako hasikilizwi tena. Akaja na stesheni ya TAZARA. Ukumbi wa Mchina wa miaka ya 1970, mpana, unapendeza, lakini nani Dar hajawahi kukaa foleni pale makutano ya Nyerere na Mandela akilitazama lile jengo? Tukaangukia hili letu, ambalo watu wanapita mlangoni kila siku bila kuinua macho.

Vibali: cha Bodi ya Filamu ni kimoja, ruhusa ya mwenye jengo ni nyingine, na hicho cha kwanza hakikufungulii mlango. Barua yetu ilirudishwa mara moja kwa kukosa muhuri, ikajibiwa siku ya tisa. Laki sita kwa siku, risiti tukapewa. Hapo sina neno.

Kwa picha, nyota tano. Ngazi za terazo, madirisha marefu yanayotazama baharini. Mpaka saa nne asubuhi jua linaingia kwa ubavu na mpiga picha hakuwasha taa hata moja. Mchana alipowasha tyubu za ukumbini, mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Umeme wetu ni hezi 50, na shata ya kamera alikuwa ameiweka moja ya sitini ya sekunde. Akairudisha moja ya hamsini, ikatulia.

Sasa njooni kwangu. Simama katikati ya ukumbi upige kofi moja. Mimi nilihesabu moja, mbili, na lilikuwa bado linatembea darini. Chini terazo, ukutani rangi ya mafuta, dari kule juu: hakuna kitu cha kulimeza neno. Wakili akisema "Mheshimiwa hakimu", yule "mheshimiwa" anarudi kumkuta "hakimu" bado yuko mdomoni. Tukakodi mazulia kwa mpambaji wa maharusi, tukayatandika kila mahali kamera isipofika, na mablanketi tukayatundika nyuma ya taa. Harufu ya udi wa harusi ya watu siku nzima, ila mwangwi ulipungua.

Mazulia hayazuii kiyoyozi, lakini. Kile cha jengo zima kinanguruma kama daladala isiyo na silensa, na utawala walituambia hakizimiki. Mlinzi ndiye aliyeninong'oneza nimtafute fundi umeme, chumba cha chini, karibu na pampu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio wa sinema?"

"Ndiyo mzee. Tunaomba huo upepo upumzike kidogo."

Akacheka, akachukua ufunguo wenye kipande cha kandambili badala ya kibao, akafungua boksi ukutani na kushusha swichi moja. Kimya. Nilitaka kumbusu mkono. Alitupa dakika ishirini kila awamu, maana ghorofa za juu watu wako kazini na joto la Dar halina ustaarabu. Saa sita na nusu adhana ikaingia, baada yake honi za Posta, halafu chakula. Kama unakodi hapa, kabla ya kulipa nenda kamsalimie yule mzee. Ukimkosa, ahirisha.

Nyota nyingine nimeikata mlangoni. Tuliomba kwa maandishi libandikwe tangazo kwamba ndani panashutiwa, halikubandikwa. Na sisi tulikuwa tumetundika kibao kikubwa cha mahakama. (Ngao ya Taifa tuliiacha, ile ina sheria yake.) Siku ya pili asubuhi kijana mmoja akaja kumwekea ndugu yake dhamana. Huyo tulimwahi.

Mama hatukumwahi. Aliingia na bahasha ya kaki, kanga ya pili begani, akaketi benchi la nyuma kati ya ekstra wetu, nasi tukadhani ni wa kwetu. Sini nzima, mara tatu, kimya. Dairekta alipokata akanivuta mkono: "Mwanangu, mimi nitaitwa saa ngapi?" Ni kesi ya kiwanja, ametoka Chanika alfajiri. Nilipomweleza alinyamaza kwanza, halafu akauliza na nauli yake je. Tukamrudishia nauli na sahani ya pilau juu, kijana wetu wa gari akampeleka mahakama ya kweli.

Kabla hajapanda, dairekta alimwomba ruhusa ya kumwacha kwenye filamu, akakubali. Juzi nilipokuwa nasafisha sauti nikamwona. Wenzake wote benchini wanamtazama hakimu. Yeye ameshika bahasha kwa mikono miwili, anatazama mlango wa karani.