Ligi Kuu Tanzania Bara: timu 20 au timu 16?

Mjadala haukomi vijiweni: je, Ligi Kuu ya timu 20, iliyochezwa misimu ya 2018/19 na 2019/20, ilikuwa bora kuliko ya timu 16 iliyorejea 2021/22?

Kwa gharama, timu 16 zinashinda bila ubishi. Mechi za kila klabu zilishuka kutoka 38 hadi 30, na anayeijua safari ya basi kutoka Nangwanda, Mtwara, hadi Kaitaba, Bukoba, ataelewa kilio cha mweka hazina, hasa msimu wa 2018/19, ambao ligi haikuwa na mdhamini mkuu.

Ratiba nayo hupumua. Msimu huohuo Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikajikuta na viporo vingi, yaani mechi zilizoahirishwa, hata msimamo ukawa hausomeki vizuri (viporo, kusema kweli, havijaisha hata leo).

Kwa kusambaza soka mikoani, hata hivyo, ligi kubwa inaongoza. Mwaka 2020 timu nne zilishuka moja kwa moja, Ndanda ya Mtwara ikiwamo, ili ligi ianze kupunguzwa. Shabiki wa Mtwara aliyezoea kuwaona Simba na Yanga nyumbani kwake ana haki ya kuchagua 20, kama kocha mwenye kikosi chembamba anavyochagua 16.