Pistol Annies, Hell on Heels: akina dada watatu na kantri ya nyumbani

Sisi wengi wa Kenya tuliopenda kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, tulianzia kwa Don Williams na Kenny Rogers, sauti nzito za wanaume wapole. Ndiyo maana albamu hii ilinikamata: hapa anayesimulia yaliyomo ndani ya nyumba ni mwanamke mwenyewe.

Pistol Annies ni kundi la pembeni, kando ya kazi zake za peke yake, la Miranda Lambert, mtunzi na mwimbaji wa Texas ambaye kufikia 2011 jina lake lilikuwa limeshavuma. Akaungana na Ashley Monroe wa Tennessee na Angaleena Presley, binti wa mchimba makaa ya mawe kutoka Kentucky, na Agosti mwaka huo wakatoa Hell on Heels. Nyimbo 10. Iliingia moja kwa moja nambari 1 kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na kwangu mimi ilistahili.

Wimbo ninaourudia zaidi ni "Housewife's Prayer". Mama wa nyumbani anawaza kuitia moto nyumba yake mwenyewe, maana bili zinazidi kupanda na pa kutokea hapaoni. Anayaimba haya polepole, kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaotisha. Mara ya kwanza nilisimamisha kazi niliyokuwa nikifanya, nikaurudisha mwanzo.

Katika "Beige", bibi harusi ni mjamzito, gauni lake si jeupe, na waliokuja wote wanajua sababu. "Lemon Drop" ni wa msichana mwenye mapazia ya mtumba na televisheni ya mkopo. Anamung'unya uchungu akisubiri utamu ufike. Jamani, huyu tunamjua. Kisha "Family Feud", ndugu wanagombania vitu vya marehemu. Nilimtumia dada yangu, akanipigia simu hapo hapo.

"Takin' Pills" haujanikaa sana. Naona unajivunia ukorofi tu. Na albamu nzima ni kama nusu saa, inakatika ukiwa bado una hamu.

Isikilize kwa spika za masikioni ukiweza, uwasikie wanavyopokezana na kukutana kwenye viitikio. Albamu zao za baadaye, Annie Up ya 2013 na Interstate Gospel ya 2018, nazipenda pia, lakini mtu akiniuliza aanzie wapi, namtumia hii.